Klabu ya pikipiki inahitaji meza, si mdhamini

Ndugu Mhariri,

Ile ripoti yenu ya mbio za pikipiki hapa Tabora, yenye picha ya kijana yuko hewani juu ya tuta na vumbi nyuma yake kama moshi wa tanuru la matofali, nimeisoma mara mbili. Miaka mingi nimekuwa nasoma na kukunja gazeti. Safari hii nimeshindwa. Mwandishi wenu anasema pikipiki namba 17 iliacha njia kwa sababu ya mwendo kasi, kisha anamalizia kwa wimbo wetu wa kila mwaka kwamba klabu haiendelei kwa kukosa wadhamini. La kwanza si kweli, na la pili ni kisingizio.

Namba 17 mkono wake wa mafuta, yaani akseleta, uligoma kurudi. Kila aliyesimama kona ya pili aliisikia. Kijana alifunga mafuta palepale wenzake walipofunga, injini ikaendelea kulia vilevile. Akakanyaga breki, tairi la nyuma likaganda, pikipiki ikanyooka kwa mama wa karanga na watoto waliokalia matairi chakavu yaliyopangwa pale eti ndiyo ukuta. Mungu saidia, zilizomwagika ni karanga tu, na goti moja la mtoto likachubuka. Pikipiki ilipolala ubavu bado ilikuwa inanguruma, hadi fundi mmoja alipoivua kofia ya plagi kwa kuishika na fulana yake, maana swichi ya kuzimia ilishakufa siku nyingi na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tangi lilipoinuliwa kisa chote kikawa wazi: ganda la waya wa mafuta limebanwa kati ya tangi na fremu, limechubuka, nyuzi za ndani nne tano zimekatika na kuchanua kama ufagio, na katikati pamejaa vumbi jekundu. Uchakavu wa namna hiyo haukuanza asubuhi ile.

Na asubuhi ile ukaguzi ulifanyika, hilo mwandishi wenu hakuligusa. Ulifanyika hivi: kijana analipa kiingilio, anapewa namba ya kubandika, anapigwa picha mbele ya bango. Basi, amekaguliwa.

Kupima mafuta ni kazi ya nusu dakika. Injini ikiwa imezimwa, vuta mafuta hadi mwisho na uachie. Mkono lazima urudi wenyewe na ugonge. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Halafu washa injini, usiguse mafuta, kata usukani tena huku na huku. Mlio ukipanda hata kidogo, waya umepita pabaya au ni mfupi, na pikipiki hiyo haiingii. Haiingii hata kama mwenyewe katoka Urambo usiku kucha, na hata kama ni mpwa wa mtunza hazina.

Ukimaliza mafuta, shuka kwenye cheni, kwa sababu cheni ndiyo inayovunja injini na miguu ya watu. Pikipiki hizi zetu za cc 125 na 150 cheni icheze milimita 20 hadi 30 katikati ya upande wa chini, na ipimwe mtu akiwa ameikalia. Vijana wanaikaza kama uzi wa zeze wakidhani ndiyo usalama. Pikipiki ikitua kutoka kwenye tuta, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu unapanda, cheni inakosa nafasi, na kinachovutwa ni shafti ya giaboksi na beringi yake. Angalia na klipu ya kiungo: upande wake uliofumba ndio utangulie cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume, kijiti kimoja au donge la udongo linatosha kuifyatua, na cheni iliyofyatuka hujikunja mbele na kupasua kava la injini, au hufunga gurudumu la nyuma katikati ya kundi. Baada ya cheni, gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea hutoa sauti ya bati, iliyokazwa hulia. Shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise ujue hali ya beringi. Vidole vya breki na klachi viwe na kichwa cha mviringo mwishoni, kile cha kiwandani. Kilichovunjika na kuachwa na ncha ni mkuki. Ncha za usukani zizibwe. Saidi mira, indiketa na taa ya mbele vivuliwe, kioo hakina kazi kwenye mbio. Stendi nayo ing'olewe, au ifungwe kwa waya, si kwa raba ya tyubu. Boliti ya kumwagia oili ifungwe waya, kwa sababu ikidondoka, wa kwanza kuteleza kwenye oili hiyo ni tairi la nyuma la mwenyewe, na wa pili ni yule anayemfuata.

Kisha matairi. Wameona video za motokrosi, wameona wazungu wanashusha upepo, na wao wanashusha hadi psi 12. Rimu za wale zina kibano ndani kinachoshika tairi lisizunguke. Zetu hazina. Ukishusha hivyo tairi huteleza kwenye rimu, huivuta tyubu, tyubu hung'oa valvu yake yenyewe, na upepo wote hutoka mara moja. Kwa tairi la kawaida lenye tyubu nisingeruhusu chini ya psi 18.

Haya yote hayahitaji mdhamini. Yanahitaji meza, geji ya upepo, rula, spana namba 8 hadi 17, na chupa moja ya rangi ya kucha, nyekundu. Mkaguzi akimaliza boliti anaipiga tone la rangi, nusu kwenye nati na nusu kwenye fremu. Ikilegea, mstari unakatika na unaonekana ukiwa umesimama. Helmeti iliyopita naye aitie tone kwenye mkanda. Helmeti yenyewe aigeuze asome ndani: iwe na lebo ya ECE iliyoshonwa kwenye mkanda, ile yenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Isiyo na alama yoyote ni ndoo. Iliyokwisha kuanguka na mwanadamu ndani yake isirudi uwanjani hata ikipakwa rangi upya, maana povu la ndani likishabonyea halirudi, na ufa wake hauonekani kwa nje.

Sasa watazamaji. Lile eneo lililopangiwa wauza karanga ndilo eneo ambalo hata mbuzi hafungwi. Pikipiki ikikosa kona huenda nje ya kona, daima nje, hasa pale inapotokea. Watu wakae upande wa ndani au kwenye mnyooko, nyuma ya kamba mbili: ya kwanza ya njia, ya pili ya watu, na kati yake pasikanyagwe na yeyote, awe mpiga picha au diwani. Matairi ya ukuta yapangwe matatu matatu wima na kufungwa pamoja kwa boliti na washa pana, vile vibati vya chini ya nati. Tairi moja moja likigongwa halizuii kitu. Linaruka na kuwa kombora. Kama viongozi wanaona natia chumvi, wakumbuke mbio za magari za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955, gari moja lilipoingia kwa watu na zaidi ya watazamaji 80 wakafa. Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari za viwanjani kwa sababu ya siku ile. Hapa kwetu haitahitajika sheria ya nchi. Mkuu wa wilaya ataandika mistari miwili tu na klabu itakuwa imekwisha.

Vumbi nalo. Boza la maji lilikuja, nakiri, na lilimwaga maji dakika kumi kabla ya mbio ya kwanza. Udongo wetu huu mwekundu ukilowa juu huku chini ni mkavu unakuwa sabuni. Wanne walianguka mzunguko wa kwanza, mtangazaji akachekelea kwenye spika. Maji yamwagwe jioni ya kuamkia mbio, yanywe usiku, asubuhi yaongezwe kidogo mapema. Baada ya hapo boza likae mbali.

Washika bendera niliona ni watoto waliopewa fulana. Mmoja alipeperusha ya njano akishangilia. Njano maana yake kuna hatari mbele, hakuna kupitana. Nyekundu maana yake wote simameni. Bluu anaonyeshwa anayekaribia kupitwa mzunguko mzima. Nyeusi pamoja na namba ni wewe toka nje. Bendera nne, somo la saa moja chini ya mwembe. Na gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi kwenda hospitali ya Kitete, mbio zinasimama hadi lirudi au lije lingine. Safari hii liliondoka na mbio mbili zikakimbizwa bila hata machela. Petroli ikijazwa kutoka chupa za maji ya kunywa, injini inawaka, na kizima moto kimoja kimefungiwa ofisini, hapo naogopa hata kuandika.

Nirudi kwenye wadhamini. Mwaka 1953 mbio za magari za Safari zilipoanza zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika hii hii. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alizishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo siku zile lilikuwa la kubebea familia na abiria. Pikipiki ya bodaboda ndiyo 404 yetu. Wagawe madaraja mawili: la kwanza ni la bodaboda, kabureta na matairi ya kawaida, ruhusa kubadili sproketi tu. Ukitoka meno 14 kwenda 13 mbele umepata karibu mvuto ule ule ambao ungepata kwa kuongeza meno matatu nyuma, kutoka 42 hadi 45, na sproketi ndogo ndiyo ya bei nafuu. Daraja la pili wawekwe wenye 250 na mbwembwe zao. Leo wanachanganywa wote, halafu tunashangaa kwa nini dereva wa bodaboda wa mtaani Ipuli hashindi. Matokeo yenyewe ni ya kubishania, kwa sababu anayehesabu mizunguko ni huyo huyo mtangazaji. Weka watu wawili, mmoja aite namba kila ipitapo mstari, mwingine aandike, mstari mmoja kwa kila mzunguko. Daftari la kurasa 96 linatosha msimu.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalizie na ekzosi. Tangu mbio zile, vijana wa mitaani nao wamechomoa silensa za ndani, na saa sita usiku mitaa ya Cheyo na Isevya hakulaliki. Mwenzao kawaambia nguvu inaongezeka. Kinachoongezeka ni kelele. Ekzosi ikiachwa wazi bila kugusa kabureta, mchanganyiko unazidiwa na hewa. Ndiyo ile milipuko unapofunga mafuta, ndiyo plagi inayotoka nyeupe badala ya kahawia, na ndiyo pistoni itakayokwama siku moja ya jua kali kwenye barabara ya Nzega ukiwa na abiria. Polisi wa usalama barabarani huniuliza mimi bima kila wiki, lakini pikipiki inayosikika kutoka stesheni hawaisikii.

Klabu, kama imesajiliwa Baraza la Michezo la Taifa (BMT), inajua inapaswa kuwasomea wanachama hesabu. Isome basi. Tujue jukwaa na spika viligharimu kiasi gani, na kamba ya manila mita 400 ingegharimu kiasi gani. Mkaguzi achaguliwe mtu asiye na ndugu kwenye mbio. Najua Tabora mtu huyo hapatikani, basi aazimwe kutoka Kigoma, treni ipo.

Meza nitatoa mimi. Ni ya mninga, miguu mitatu mizima, wa nne unategeshewa tofali. Waje kuichukua na mkokoteni, asubuhi kabla ya saa nne, na wasije na spika.

Fundi mstaafu,
Cheyo, Tabora