Lupus: msisubiri uso uvimbe

Mhariri,

Lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huchukuliwa kama ugonjwa wa ngozi na viungo tu. Upele wa mashavuni ukififia, mgonjwa hujiona amepona na kuacha dawa. Figo hazina upele. Zinaweza kuendelea kuharibika kimya kimya, na seli T zina mkono mkubwa katika uharibifu huo.

Seli T ni seli nyeupe za damu zinazofunzwa kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, zisiushambulie mwili wenyewe. Kwenye lupus mafunzo hayo hayashiki. Seli T saidizi huzichochea seli B kutengeneza kingamwili dhidi ya DNA ya mgonjwa. Kingamwili hizo hunasa kwenye vichujio vya figo na kuleta uvimbe wa ndani. Seli T nyingine huingia zenyewe kwenye figo, hukusanyika kando ya mirija, na makovu hufuata. Seli T za kuzituliza nyingine huwa dhaifu.

Yote hayo kwa kawaida hayaumi, ndiyo maana tunasisitiza kupima mkojo. Mgonjwa wa lupus apime angalau kila miezi 3, hata akijisikia mzima. Achukue mkojo wa kwanza wa asubuhi, ule wa katikati, na si siku za hedhi, kwa sababu damu huharibu majibu. Kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha protini, maabara ipime uwiano wa protini na kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Ukibaki gramu 0.5 au zaidi kwa gramu 1 ya kreatinini, kinyama cha figo kichukuliwe kwa sindano, maana aina ya madhara ndiyo inayoamua dawa.

Kuhusu dawa, haidroksiklorokwini, dawa ya msingi ya lupus, isizidi miligramu 5 kwa kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 mwisho wake ni 300. Kwa kuwa vidonge vingi ni vya 200, anaweza kupangiwa kimoja leo, viwili kesho. Macho nayo yapimwe, kwa kuwa dawa hii inaweza kuyadhuru. Maikofenoleti huzuia seli T na B zisizaliane, ila hudhuru mimba. Anayetaka mtoto abadilishiwe mapema, mara nyingi kwa azathioprini. Takrolimasi huzuia kalsinyurini, kimeng'enya ambacho seli T hukihitaji ili ziamke. Dawa hiyo ikizidi hupandisha presha na kuumiza figo ileile tunayoiokoa, kwa hiyo kiwango chake hupimwa kwenye damu kabla ya dozi ya asubuhi. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga, haikatizwi ghafla. Hupunguzwa hatua kwa hatua.

Kinachotuuma zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Binti mwenye viungo vinavyouma huinunua duka la dawa wiki baada ya wiki, nayo hupunguza damu inayofika kwenye figo ambazo tayari zimeshambuliwa. Wauzaji wa dawa, kabla ya kumpa, muulizeni kama macho humvimba asubuhi na kama mkojo wake una povu lisiloisha. Akisema ndiyo, mpelekeni maabara kwanza.

Wataalamu wa figo,
Dar es Salaam