Hesabu Iliyopelea

Manchester, 9 Februari

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inanionea.

Uliuliza: plutoni mnaihesabuje, na hata kuisogelea hamwezi? Nimelipenda hilo swali, ni la mtunza ghala hasa. Kanuni ni ya leja yako ya korosho: ulichoanza nacho, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, kisha linganisha na kilichopo. Ila magunia yako yanaonekana. Kwenye kiwanda cha kuchakata fueli ya nyuklia iliyotumika, ambamo plutoni hutenganishwa, fueli hukatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi ya nitriki, mali yote ikawa maji ndani ya matangi nyuma ya kuta nene za zege. Unapima tangi, sampuli inakwenda maabara, ndipo unapiga hesabu. Kila kipimo kina kosa lake dogo, kwa hiyo pengo halikosekani. Kazi ni kujua kama pengo ni la mizani au ni la mali. Na hapo hakuna mchezo: kwa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kilo 8 za plutoni zikipotea, huwezi tena kuapa kwamba hakuna anayeunda bomu.

Sasa sikia yaliyotokea THORP, kiwanda cha namna hiyo kilichokuwa Sellafield, huku huku Uingereza. Matangi ya hesabu yalikuwa yananing'inia ili yapimike uzito. Kule kuyumbayumba kukachosha bomba la tangi moja hadi likakatika. Zikamwagika meta za ujazo 83, zenye tani 20 hivi za urani, metali kuu ya fueli hiyo, na kilo 160 hivi za plutoni. Mara 20 ya zile 8, Rehema! Bahati njema chumba kilikuwa na sakafu ya chuma kisichoshika kutu, hakuna aliyedhurika. Lakini maji yalivuja kwa miezi. Sampuli za sakafuni zilishaonyesha urani, vitabu navyo vikawa havifungi, na watu walikuwa bado wanaamini kiwanda kipya hakivuji. Kamera ilipoingizwa Aprili 2005, dimbwi hilo hapo. Mwaka uliofuata kampuni ikatozwa faini ya pauni 500,000.

Nimeisoma taarifa ya ajali hiyo mara tatu, na kila mara nawafikiria wale waliokuwa wameshika kalamu. Daftari lilikuwa linasema kweli wakati jengo zima linasema hakuna neno.

Ndiyo maana kile kisa chako kimeninyima usingizi. Kilo 340 za korosho zimepelea, na bosi anataka uandike ni unyaufu. Unyaufu upo, sikatai, lakini wewe mwenyewe umesema msimu uliopita haukufika hata robo ya hapo. Usisaini kwanza. Omba mizani ikaguliwe, mpime upya lile rundo la nyuma gunia kwa gunia, kisha uniandikie mmekuta nini.

Rafiki yako,
Zuhura