Kabla hujalipia bastola

Mwanangu Rehema,

Umenitumia majina ya bastola tatu ukataka nikuchagulie moja. Hujaniambia utaivaa na nguo gani, na hapo ndipo pa kuanzia. Bastola ya kubeba kila siku hushinda kiunoni saa kumi au zaidi, wewe unakaa, unainama, unaendesha gari, unachuchumaa kufunga viatu. Ikikuchoma mbavuni, wiki ya pili utaivua uitie kwenye droo, na ya kwenye droo haikusaidii kitu pale maegesho ya Dallas saa sita usiku.

Tumalize karatasi kwanza, maana kosa la huko halina samahani. Una kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu Marekani, kwa hiyo sheria ya shirikisho inakuruhusu kumiliki silaha. Mwenzako mnayepanga pamoja yuko kwa viza ya masomo, naye kwa kawaida haruhusiwi kuwa nayo hata kwa dakika. Usimwachie ufunguo wa kasha, usimwombe akushikie. Dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununua silaha. Nenda na kitambulisho cha Texas chenye anwani ya unapoishi sasa, pamoja na namba iliyo kwenye kadi yako. Kama leseni ya gari bado ina anwani ya Houston, badilisha kwanza, la sivyo utarudi mikono mitupu. Fomu inataka kujua mnunuzi halisi ni nani. Binamu akikupa pesa umnunulie kwa jina lako, hapo mmeingia kwenye jinai nyote wawili. Inauliza pia kuhusu bangi, na ruhusa ya jimbo fulani haikukingi kwenye swali hilo. Kudanganya kwenye fomu ile ni jinai, na kwa asiye raia jinai haiishii mahakamani, hufika hadi kwenye kadi yenyewe.

Tangu Septemba 2021 Texas haidai leseni kwa mtu wa miaka 21 na kuendelea anayeruhusiwa kumiliki bastola. Wewe ichukue hata hivyo. Ni darasa la saa nne hadi sita na jaribio la risasi 50 kwa umbali wa yadi 3, 7 na 15, na majimbo mengine mengi yanaitambua. Humo utafundishwa mabango: lile la 30.06 linalomkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa, na lile jekundu la asilimia 51, linalokataza bastola kwenye baa zinazopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yao kwa pombe inayonywewa hapo. Hospitalini unakofanya kazi usiingie nayo kabisa.

Sasa mkono. Ukifika kaunta, mwambie muuzaji atoe magazini, kile kibebeo cha risasi ndani ya mpini, na kuivuta nyuma slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, kisha na wewe hakikisha: tazama kwa jicho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuka, halafu pitisha ncha ya kidole kidogo. Hata kama yeye ameshatazama. Elekeza mdomo wa bastola pasipo na mtu, ndipo uanze.

Shika juu kabisa. Ule utando kati ya dole gumba na kidole cha shahada uingie chini ya mkia wa bastola pasibaki nafasi, na mtutu unyooke sambamba na mfupa wa mkono wako wa mbele. Bila kuhamisha kiganja, kidole cha shahada kifike kwenye triga kwa nyama ya pingili ya kwanza. Ukilazimika kuzungusha mpini ndipo kidole kifike, bastola hiyo ni kubwa kwako, hata iwe nzuri namna gani. Tazama na kidole kidogo: kikining'inia hewani chini ya mpini, umebakiwa na vidole viwili vya kubana, na risasi ya pili itakwenda inakotaka.

Kisha slaidi. Dada wengi huambiwa springi ni ngumu kwao wakauziwa kitu kingine, kumbe tatizo ni namna wanavyoivuta. Usiibane kwa ncha za vidole kama unayefungua pazia. Ifunike slaidi kwa kiganja kizima, vidole vinne upande mmoja, kitako cha kiganja upande wa pili, tundu la kutolea maganda ya risasi usilizibe. Leta bastola karibu na kifua, mdomo ukiwa bado mbele, halafu sukuma mpini mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukivuta nyuma kwa pamoja. Fanya mara kumi. Ile ya kumi ndiyo itakayokuambia ukweli, kwa sababu mkono umechoka. Ukishindwa hata kwa njia hiyo, uliza Smith & Wesson Shield EZ, ambayo imeundwa slaidi yake iwe laini. Ina gramu kama 650, inachukua risasi 8 za milimita 9, na ina kizuizi nyuma ya mpini kinachodai uishike sawasawa. Ukiilegeza haitafyatuka, jambo ambalo ni faida na ni kero.

Watakuonyesha pia zile ndogo za "kike", na hapa nakuomba uwe mgumu, mama. Ruger LCP ina uzito usiozidi gramu 280 bila risasi, inaingia mfukoni kama simu. Lakini kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyoupiga mkono teke zaidi inapofyatuka, na vilengeo vyake ni vidogo mno. Rivolva ya Smith & Wesson 642 nayo ina sifa kubwa, na kweli haina magazini ya kukwama. Ina risasi tano, gramu kama 410. Triga yake inataka karibu kilo tano na nusu za kuvuta. Fikiria hilo: kidole kimoja kinavuta kilo tano na nusu kwenye kitu kisichofika nusu kilo. Lazima mdomo uyumbe kabla risasi haijatoka, na hilo hurekebishwa kwa mazoezi mengi tu. Hiyo ni silaha ya mzoefu inayouzwa kwa wanaoanza.

Kwa mwili wako na mashati unayovaa, mimi ningeangalia daraja la Glock 43X na SIG P365. Zote ni za milimita 9, risasi 10 kwenye magazini, gramu 500 na kidogo. 43X ina mpini mrefu zaidi, unaoshikika vizuri. P365 ni fupi, inafichika hata chini ya fulana. Glock 19 yenye risasi 15 ni rahisi kuliko zote kuipiga kwa usahihi, ila ni nene na inataka nguo pana. Kwa habari ya ukubwa wa risasi, 9 dhidi ya 40 dhidi ya 45 (9 na 10 ni milimita, 40 na 45 ni sehemu za mia za inchi), usipoteze usiku wako. FBI waliihama milimita 9, wakaenda kwenye 10 na 40, kisha wakairudia 9, kwa sababu risasi za kisasa zimepunguza tofauti, na mtu hupiga haraka na kwa usahihi zaidi anapopigwa teke dogo.

Usilipe siku hiyo hiyo. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha. Chukua mbili, risasi 50 kila moja, karatasi kwenye yadi 7. Piga tano tano, pole pole. Kumi za mwisho zikisambaa kuliko kumi za kwanza, ama unaogopa teke, ama mpini unakuteleza. Mwombe msimamizi akuchanganyie risasi bandia isiyofyatuka bila wewe kujua ni ya ngapi. Ikifika zamu yake ukaona mdomo wa bastola unachota chini, umeujua ugonjwa wako: unaisukuma kabla haijalia.

Utakutana pia na ganda lililosimama wima, limebanwa kwenye tundu la kutokea. Mara nyingi kiwiko na kifundo cha mkono vimelegea, slaidi ikakosa mahali pa kuegemea. Dawa yake ni kupiga kitako cha magazini kwa kiganja, kuvuta slaidi hadi mwisho na kuiachia yenyewe. Usiisindikize kwa mkono. Ikiwa tatizo linarudi hata mkono ukiwa imara, badilisha magazini kabla ya kulaumu bastola.

Ala, yaani kile kifuko cha kuvalia bastola, ndiyo watu wanayoifanyia ubahili. Wametoa dola 500 kwa bastola, halafu dola 15 kwa mfuko wa kitambaa laini. Unayotaka ni ya plastiki ngumu ya Kydex, iliyofinyangwa kwa aina hiyo hiyo ya bastola, inayofunika triga yote pande zote mbili. Ipindue juu chini ikiwa na bastola tupu: isidondoke. Mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka, ili uirudishe kwa mkono mmoja. Ajali nyingi hutokea wakati wa kurudisha, pindo la shati au kamba ya koti ikiingia kwenye triga. Hivyo rudisha taratibu, tazama ndani ya ala, kidole kimenyooka nje. Hakuna tuzo kwa anayerudisha haraka. Ukivaa mbele ya nyonga, tafuta ala yenye kabari inayosukuma mpini uingie mwilini. Mkanda uwe mgumu, si ule wa kupendezesha suruali. Na sare zako za kazini zina kamba tu, hazibebi kitu. Kuna mkanda wa kuvaa ndani ya nguo wenye ala ngumu, unaokaa bila suruali kuhusika. Mkoba wa begani sikushauri: mwizi akivuta mkoba, amechukua na silaha.

Siku za zamu utaiacha wapi? Sheria ya Texas inamruhusu mfanyakazi kuiweka kwenye gari lake lililofungwa, lakini magari huvunjwa. Nunua kasha la chuma lenye waya wa kufungia kwenye fremu ya kiti, na uitie humo ikiwa ndani ya ala yake, ala na vyote, kabla hujafika maegesho. Kila unapoitoa na kuirudisha unaongeza nafasi ya ajali, kwa hiyo siku za zamu, kwa maoni yangu, iache nyumbani kwenye kasha lililopigiwa bolti.

Risasi za kubeba ziwe zile zenye tundu kichwani, zinazotanuka zikipiga. Kuta za nyumba yako ni mbao za jasi, na za kichwa cha mviringo hupita hadi kwa jirani bila shida, ingawa hata zenye tundu zinaweza kupita. Hizo za mviringo ni za mazoezi. Piga 200 za mazoezi na angalau 50 za kubeba bila kukwama hata mara moja kabla ya kuiamini. Na ile ya kwanza unayoitoa chembani kila jioni na kuirudisha kila asubuhi, itazame ukiisimamisha pembeni ya mwenzake: kila inapoingizwa inagongwa, na kichwa huzama kidogo kidogo ndani ya ganda. Ikizama, shinikizo hupanda kupita kiasi. Ikiwa fupi kuliko wenzake, itupe kwenye ndoo ya uwanja wa shabaha.

Wiki mbili za mwanzo ivae nyumbani tu, tupu, na pasiwe na risasi hata moja katika chumba ulichomo. Utajua inakochoma.

Jambo la mwisho, kwa kuwa Desemba unakwenda kwa bibi yako Tanga. Begi ulilokwenda nalo uwanja wa shabaha usilitumie kusafiria, hata ukiwa umelikung'uta. Risasi moja iliyojificha kwenye mshono utaulizwa uwanja wa ndege wa hapa, na ikipita hapa utaulizwa Dar es Salaam, ambako hata risasi bila bastola inahitaji kibali. Nunua begi jingine la safari.

Baba yako