Hisa alizoniachia marehemu: niuze au nisubiri?

Ndugu Mshauri, salaam.

Mimi ni mjane, naishi Chumbageni, Tanga. Mwaka 2016 marehemu mume wangu alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake, akamtumia kijana wetu aliyeko Marekani, akatununulia hisa za Qualcomm, kampuni ya Marekani inayounda chipu za simu. Januari 2017 Apple ikaishtaki kampuni hiyo, ikidai mrabaha, yaani malipo inayotoza kwa kutumia hataza zake (haki za kisheria za uvumbuzi wake), ni mkubwa mno. Mwezi huohuo serikali ya Marekani nayo ikafungua kesi yake dhidi ya Qualcomm. Hisa zikashuka, ndugu wakasema tuuze, mume wangu akakataa katakata. "Aliyevumbua alipwe," basi, hana zaidi.

Aprili 2019 Apple ikapatana na Qualcomm, hisa zikapanda zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja. Tulikaa barazani usiku ule, simu mkononi mwake, akizisoma zile namba kwa sauti, akirudia. Mei jaji akaihukumu kampuni kwenye ile kesi ya serikali. Agosti 2020 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo, lakini mume wangu tulikuwa tumeshamzika.

Sasa kijana anasema niuze. Februari 2025 Apple ilitoa simu ya iPhone 16e yenye modemu, ile chipu ya kuunganisha simu na mtandao, iliyoiunda yenyewe badala ya kununua kwa Qualcomm, na leseni yake ya kutumia hataza za Qualcomm inaisha Machi 2027. Binti yangu ninayeishi naye anapinga. Anasema biashara ya chipu ni nyingine na mrabaha ni mwingine: hata ukiunda chipu yako, ukitumia uvumbuzi wa mwenzio ndani yake, unamlipa. Kwa hilo namwona ana haki. Hofu yangu ni kwamba hataza ina muda wake, kwa kawaida miaka 20, na mteja mkubwa kama huyu, leseni ikiisha, anaweza kurudi mahakamani. Nikiwaza miaka ile ya kesi, usingizi unanipaa.

Tena nina shida ya karibu. Nyumba aliyoianza marehemu kule Pongwe imefika kwenye linta ikasimama. Jumapili nilikwenda, nikakuta magugu yameota sebuleni, na mbao za kenchi tulizonunua zimeanza kuliwa na mchwa.

Niuze zote? Niuze kiasi cha kuezekea tu, zilizobaki zisubiri 2027? Na wosia wa mdomo wa marehemu kuhusu hisa hizi, "usiziguse", unanifunga mpaka lini? Naomba unijibu kabla ya masika.

Mama wa Chumbageni,
Tanga