Homuweki za kutafuta maneno yenye q: mtoto anajifunza nini hapo?

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu hizi homuweki za Kiingereza wanazopewa watoto wetu hapa Dar, hasa hawa wa ingilishi midiamu, maana mimi nina steshenari huku Tabata na kuanzia jioni mpaka nafunga kazi yangu kubwa siku hizi sio kutoa kopi wala kupiga picha za pasipoti, ni kutafuta maneno. Mzazi anashuka kwenye daladala kachoka na foleni, mtoto bado yuko na yunifomu, ananiambia kaka naomba nitafutie maneno ishirini ya Kiingereza yenye q ndani yake, halafu uniprintie. Haya, natafuta, naprinti, analipa, anaondoka. Mtoto mwenyewe hiyo karatasi hajaigusa, kesho ataipeleka kwa mwalimu atapigiwa tiki nyekundu na mambo yameisha.

Sikatai hela, biashara ni biashara. Ila jamani walimu, mnajua hayo maneno yanatoka wapi? Ukiingia Google ukaandika unataka maneno yenye herufi fulani, sehemu kubwa ya vinavyokuja juu ni orodha za wacheza Scrabble, mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni uunde maneno upate pointi. Ule mchezo aliubuni Mmarekani mmoja anaitwa Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi kipindi uchumi wao umeanguka miaka ya 1930, akakaa anahesabu herufi kwenye magazeti aone ipi inatokea sana na ipi adimu. Ndo maana kwenye Scrabble ya Kiingereza E ziko 12 na kila moja ina pointi 1 tu, wakati Q iko moja peke yake na Z moja peke yake, kila moja pointi 10. Sasa mchezaji akikwama na Q mkononi halafu hana U anahitaji vineno vya kujiokoa, na hizo orodha zimetengenezwa kwa ajili yake yeye, sio kwa ajili ya mtoto wa darasa la tatu Tabata. Utakuta qi, utakuta qaid, ukihamia kwenye z unakuta zax. Muulize Mwingereza wa kawaida zax ni nini uone kama atakujibu.

Juzi kuna mama nimemprintia, mtu makini yule, akasimama pale pale kaunta akaanza kuyapitia moja moja na kidole. Akafika kwenye qat. Kaka hii ndo nini? Nikamwambia mama hiyo ni mirungi. Aliniangalia kwa muda! Yaani mtoto anampelekea mwalimu mirungi, kitu ambacho nchi hii ukikamatwa nacho unaenda ndani, na tiki atapata kwa sababu q ipo. Tukaifuta tukaweka queen.

Na msiseme wazazi wavivu watumie kamusi. Kamusi imepangwa kwa herufi ya kwanza, ukitaka maneno yanayoanza na q sawa utafungua kurasa zake utayaona, lakini ukiambiwa yenye q popote, katikati huko au mwishoni, utafungua wapi? Utasoma kamusi nzima? Mzazi lazima akimbilie simu, na bando likiisha anakuja kwangu.

Mimi naona kuna njia rahisi tu, na inakuhusu hata wewe mhariri. Mpeni mtoto ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza, hata la zamani lile lililofungiwa maandazi, na kalamu nyekundu, mwambie zungushia kila neno lenye q. Nimejaribu na wa kwangu hapa dukani wateja wakiwa wachache. Hakupata ishirini, alipata machache, ila yalikuwa question, quarter, request, required, equal, maneno ambayo atakutana nayo kwenye mtihani na maishani. Na mwenyewe bila kuambiwa akasema baba mbona kila q ina u pembeni yake? Hapo ndo kajifunza kitu, na hilo kwenye orodha ya Scrabble asingeliona kwa sababu zile zinabeba kwa makusudi yale yasiyo na u. Tukahamia x, next, tax, six, expect, export, akaona kumbe x inapenda sana kukaa na e.

Kingine, herufi moja moja peke yake haisaidii sana, bora wapewe herufi zinazotembea pamoja. Mtoto wetu amezoea kwamba gh ni ghorofa, ni ghafla, basi. Akikutana na night anasoma nigiti, na sio kosa lake, huku kwetu tunasoma kilichoandikwa. Mkimwambia tafuta maneno yanayoishia na ght atarudi na night, light, right, fight, eight, na ataona mwenyewe kwamba gh pale imekaa kimya tu. Baadaye ndo mumletee laugh na cough ambazo gh imegeuka f, na ghost ambayo gh ni g. Hivyo hivyo na kn, knife, know, knee, ile k zamani Waingereza walikuwa wanaitamka kweli, wakaacha kuitamka ila kwenye kuandika wakaibakiza, sasa wanaotaabika ni watoto wa Tabata na Mbagala.

Kwa hiyo ombi langu kwako mhariri ni kakona kadogo tu mara moja kwa wiki, habari fupi ya Kiingereza ya mistari kama kumi hivi, na chini yake muandike wiki hii zungushia maneno yenye herufi hizi. Hamtakuwa wa kwanza kuchezesha wasomaji, fumbo la maneno lenyewe lilianzia gazetini, New York World, Desemba 1913. Mzazi atakata, mtoto atafanya mezani, na asiye na hela ya gazeti aje nimtolee kopi, hiyo kona sitachaji.

Mwenye steshenari,
Tabata, Dar es Salaam