YAH: Malalamiko kuhusu mfumo wa kumwagilia bustani mliofunga nyumbani kwangu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kompyuta mliyonifungia sina neno nayo. Inafungua na kufunga vali, yaani vilango vya maji vya umeme, kwa saa niliyopanga, na kwenye simu kila kitu kinaonekana kiko sawa. Shida iko chini ya udongo, ila kila nikipiga simu kwenu naambiwa nifute programu niipakue upya. Programu haichimbi mtaro.

Nianze na nyasi za mbele ya nyumba. Kwenye vali moja, mafundi wenu wameweka vinyunyizio visivyozunguka pamoja na vile vinavyozunguka. Anayeijua kazi hii anajua havikai pamoja. Kisichozunguka kinaweza kumwaga maji ya kina cha hadi milimita 40 kwa saa. Kinachozunguka hutawanya maji yake kwenye eneo kubwa, hivyo kwa kawaida hakifikii hata nusu ya kiasi hicho. Matokeo yake, kando ya ukuta ni tope tupu, na katikati nyasi zimekauka hadi zinavunjika ukizishika. Nikiongeza dakika, tope linafika barazani. Kompyuta haina la kufanya hapo, maana vali ikifunguka imefungukia vyote.

La pili ni nyaya, na hili ndilo lililoniudhi zaidi. Vinyunyizio vya nyuma vilipogoma, fundi wenu alikuja akabadilisha koili ya vali, ile sehemu ya umeme inayoifungua, vikafanya kazi. Mvua ilipopiga, vikagoma tena. Nikafunua mwenyewe kisanduku cha vali. Waya zimesokotwa kwa mkono, zikaviringishiwa tepu nyeusi ya umeme, zimelala ndani ya maji na shaba imeshaota ukijani. Ni kweli umeme wa volti 24 ni mdogo, lakini maungio ya chini ya ardhi hutakiwa kuwekwa ndani ya vifuniko maalumu vyenye grisi, maji yasipenye. Vifuniko hivyo vimo kwenye ankara yenu, kila kimoja na bei yake. Viko wapi?

Sensa ya mvua, inayotakiwa kusimamisha umwagiliaji mvua ikinyesha, nayo inapendeza pale ukingoni mwa paa. Waya wake unaingia kwenye kisanduku cha kompyuta na kuishia hewani, na kile kipande cha waya cha kiwandani bado kimeunganisha skrubu mbili za sensa, jambo linaloifanya kompyuta iipuuze sensa. Kwa kompyuta hiyo, mvua haijawahi kunyesha. Majirani wanaoona bustani ikimwagiliwa katikati ya mvua wameshanizoea.

Ninachotaka: vinyunyizio vya aina hizo mbili vitenganishwe, kila aina na vali yake, hata kama itabidi kuchimba upya, maungio yote yarudiwe kwa vifuniko nilivyoandikiwa, sensa iunganishwe na kujaribiwa mbele yangu kwa kumwagiwa maji. Nipewe pia mchoro wa mabomba na nyaya zilikopita, ambao niliahidiwa siku ya kukabidhiwa kazi. Gharama zote ni zenu.

Nawapa siku 14 tangu mpokeapo barua hii. Awamu ya mwisho ya malipo sitailipa kabla ya hapo, na msipofika nitalifikisha suala hili kwenye chombo cha kutetea walaji pamoja na picha za kisanduku cha vali na nakala ya ankara. Tafadhali mtumeni fundi mwenye sururu, si wa kunifundisha kutumia simu.

Wenu,
Mteja