Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Jumuiya ya Watumia Maji

Ndugu Mtendaji wa Kijiji, wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Shughuli za kawaida mmeziona wenyewe. Tuta la lambo letu limefyekwa, nyufa za mbauti (birika la kunyweshea mifugo) zimezibwa, utoro (njia ya kutolea maji yaliyozidi) umezibuliwa kabla ya masika, na wenye mifugo iliyoingia majini wametozwa faini.

Wanachama tuko 86. Waliolipa ada ya shilingi 12,000 ni 31, kwa hiyo tumepata 372,000 na tunadai 660,000. Faini zimeleta 140,000, matumizi ni 395,000, na mkononi tuna 117,000. Mweka hazina ana stakabadhi zote, anayetaka kuzikagua akazikague. Linaloniuma ni kwamba wenye maneno mengi kuhusu fedha ndio majina yao hayamo katika hao 31.

Sasa nije kwenye andiko la kuomba mradi wa kupanua lambo letu, maana nimesikia yanayosemwa gulioni hapa Handeni: kwamba Mwenyekiti “ameshusha faida” na kutukosesha mradi. Kweli, niliipunguza hesabu ya faida iliyofanywa na kamati ndogo, na nilifanya hivyo kwa makusudi.

Kamati ilichukua ujazo wote wa lambo tunaloomba, meta za ujazo 30,000, ikauzidisha kwa bei ya dumu la kiangazi. Dumu la lita 20 ni shilingi 500, na meta moja ya ujazo ni madumu 50, yaani shilingi 25,000. Ikapatikana milioni 750 kwa mwaka, ikaongezwa mahindi, maziwa na kupanda kwa bei ya mashamba, jumla ikapita milioni 900. Ndugu zangu, nani kati yetu anamnywesha ng'ombe maji ya shilingi 500 kwa dumu? Bei ile hulipwa na mwenye shida ya madumu mawili ya kupikia, na lambo likijaa haitakuwepo tena. Nilichohesabu ni fedha inayotoka mifukoni mwetu sasa: kaya 200, madumu 2 kwa siku, siku 90 za kiangazi, sawa na milioni 18.

Akina mama wamelalamika kwamba nimeufuta muda wao wa kufuata maji. Sikuudharau hata kidogo. Kaya inayonunua dumu haiwezi kuhesabiwa tena kwamba imetembea kulifuata dumu hilohilo. Shamba nalo limepanda bei kwa sababu ya mavuno yatakayotoka humo. Ukiandika bei na mavuno pamoja, umeandika kitu kimoja mara mbili. Na mahindi ya masika tungeyavuna hata bila lambo. Mpanga mipango hulinganisha miaka ijayo yenye lambo na miaka hiyohiyo isiyo na lambo, hatazami jana na kesho.

Kuna jua pia. Maji yakishuka meta moja kwa kugeuka mvuke kwenye eneo la hekta moja, meta za ujazo 10,000 zimeondoka, theluthi ya lambo letu, kabla hajanywa mtu. Tope nalo linapunguza ujazo kila mwaka. Isitoshe, shilingi ya mbali haina uzito wa shilingi ya leo: kwa riba ya asilimia 10, shilingi 100 ya mwaka wa 20 ina thamani ya takriban 15 tu leo. Ndiyo maana andiko linasema milioni 61 kwa mwaka: 18 za kaya, 27 za mifugo isiyohamishwa na 16 za bustani. Ni ndogo, lakini afisa yeyote akiikagua ataikuta imesimama.

Mkoa wetu una mfano wa kujivunia. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga inayotegemea bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, waliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayotunza mazingira, wakapata zaidi ya shilingi bilioni 53. Mwenye fedha yake hakopeshi kwa hesabu ya kujifurahisha. Na wakulima wa huko juu Usambara wamehusishwa katika kutunza chanzo, kwa sababu faida ya bwawa huanzia kwenye mashamba yanayomwaga tope ndani yake. Sisi bado tunalima hadi ukingoni, na hilo nililiandika pia, ingawa baadhi yenu walinuna.

Mnauliza kwa nini sikuleta hesabu hii kwenye mkutano mkuu. Niliuitisha mara mbili, akidi haikutimia. Muda wa kuwasilisha ulikuwa unakwisha, nikaenda kwa nauli yangu na kulipia uchapaji mwenyewe, wala sijadai kurudishiwa. Walioniunga mkono, hasa Katibu, nawashukuru.

Mwaka ujao tunatumaini andiko litajibiwa, tupande miti kuzunguka lambo kadiri hali itakavyoruhusu, na tupate wadau wa kutusaidia kupima kina cha tope. Wenye madeni wamwone Mweka hazina leo kabla ya kutawanyika.

Naomba kuwasilisha.